Jumapili Tuliyozima Moto wa Jikoni

Vijana wangu, haya nayaandika kwa sababu katibu wenu, Happiness, alinijia nyumbani hapa Kirua Vunjo akiwa na daftari jipya na simu mbili. Alinikuta nachambua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa kwenye kigoda hicho, ila mwondoe kuku kwanza."

Akamwondoa kuku, akakaa. Akaniambia kwamba vijana mna kongamano, mada yenu ni maana ya kazi katika Maandiko Matakatifu, na mngependa niwaandikie kurasa chache juu ya kazi yangu. Nikamwuliza kwa nini msimwombe mchungaji, mtu aliyeyasomea Maandiko hayo mpaka akavalishwa joho.

"Tulimwomba, bibi. Amesema ana kazi nyingi mno."

Mnaona wenyewe. Mada ni kazi, mwenye elimu ya mada amezidiwa na kazi, kwa hiyo imeletwa kwa bibi aliyestaafu kazi. Nimekubali. Msinidai tu mpangilio. Nitasimulia kama ninavyochambua maharage, linalokuja mkononi ndilo nalitazama.

Jina langu ni Martha, na nilikuwa mpishi. Kwa miaka thelathini na kitu nilipika katika nyumba moja ya semina za kanisa, huko mteremkoni juu ya Moshi mjini. Ukisimama mlango wa jikoni asubuhi, mawingu yakikubali, unauona mlima mzima mpaka kofia yake nyeupe. Yasipokubali, unaona sufuria. Kati ya jikoni na ukumbi palikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, na elimu yangu yote ya Maandiko imepita katika dirisha hilo. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya mahubiri naijua vizuri sana. Nusu ya pili huwa inakuja wakati wali unataka kupaliwa.

Jina lenyewe lilinitesa. Nyote mnaijua habari ya wale dada wawili waliotembelewa na Yesu: Mariamu akaketi miguuni pake kusikiliza, Martha akahangaika na kuandaa chakula, na alipolalamika kwamba ameachiwa kazi peke yake akaambiwa kuwa mwenzake ndiye aliyechagua vyema. Basi, kila mchungaji aliyefika pale kituoni, akisikia naitwa Martha na akiona sufuria, alicheka akasema, "Ah, Martha! Unasumbuka na mambo mengi!" Akishamaliza kucheka anauliza chai iko wapi.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Ndeshi, mjane aliyekuwa mkuu wa jikoni. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilikuwa ya chini hata ulilazimika kuacha unachokoroga ndipo umsikie. Siku ya kwanza alinipa mkungu wa mshare, ndizi zetu za kupika, nimenye. Nikaanza kwa bidii zote za msichana anayetaka kuonekana. Nilipofika kichane cha tatu mikono yangu ilikuwa myeusi, na gauni langu la kipaimara, ambalo nilikuwa nimelivaa ili nipendeze kazini, lilikuwa na mabaka ya utomvu ambayo halikuyapoteza mpaka likawa tambara. Mama Ndeshi alikuwa ananitazama muda wote huo.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia?"

Ndipo akanionyesha: unapaka mafuta mikononi na kwenye kisu kabla hujagusa ndizi, na kila unayoimenya unaitia majini papo hapo isiwe nyeusi. Hiyo ni elimu ya dakika moja, na mimi niliilipia gauni.

La pili alilonifundisha ni chumvi. Jikoni kwake chumvi ilitiwa na mtu mmoja tu, naye ndiye anayeulizwa. Mwaka wangu wa kwanza nililivunja agizo hilo siku ya mkutano wa kwaya. Mama Ndeshi alikuwa ameshautia mtori chumvi, mimi nikapita, nikaonja nikiwa na mafua, nikauona chapwa, nikatia tena viganja viwili. Mtori kwetu ni supu ya ndizi na nyama, na mtu aliyepigwa na baridi ya asubuhi huwa hauulizi mambo mengi, anakunywa tu. Wanakwaya wakanywa. Halafu wakanywa maji. Halafu wakamaliza maji ya pipa la ukumbini. Mchungaji wa zamu akasimama kufundisha, na somo la siku hiyo, lililopangwa miezi mitatu nyuma, lilikuwa lile la waumini kuwa chumvi ya dunia. Nilimwona Mama Ndeshi ameegemea ukuta mabega yakimtikisika. Nilidhani analia.

Na nyie mnaopika kwa kufuata simu, mtori ukizidi chumvi usitie sukari. Chemsha ndizi nyingine pembeni bila chumvi, ziponde, uchanganye. Kama hakuna ndizi nyingine, ongeza maji ya kunywa mezani na usitoke jikoni.

Sasa nije kwenye kazi katika Maandiko, msije mkasema bibi amewaandikia mapishi.

Semina juu ya kazi zilikuwa nyingi sana pale kituoni. Nadhani ni kwa sababu kupumzika siku tatu mteremkoni unalishwa mara nne kwa siku kunampa mtu nafasi ya kuifikiria kazi kwa utulivu. Mstari uliopendwa kuliko yote ulikuwa lile agizo la Paulo kwa Wathesalonike, kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi na chakula asile. Niliusikia ukihubiriwa kwa sauti kubwa na watu waliokaa karibu kabisa na dirisha langu, wakiangalia saa. Nyie ambao mmemaliza vyuo na mnazunguka Moshi na bahasha za khaki, mkihubiriwa mstari huo msiinamishe vichwa. Usomeni vizuri. Unasema asiyetaka. Asiyepata hakutajwa.

Mama Ndeshi macho yake yalikuwa yameharibiwa na moshi, maandishi madogo hakuyaona. Maharage yakiwa motoni alikuwa akiniambia, "Martha, soma." Tulianzia mwanzo kabisa. Nikasoma kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, halafu baadaye ndipo lile tunda likaliwa, na baada ya tunda ndipo jasho likatajwa. Mama Ndeshi akanizuia.

"Rudia. Kazi ilikuja kabla ya tunda?"

"Kabla."

"Kwa hiyo kazi ni ya Mungu, jasho ndilo letu."

"Ndivyo inavyoonekana, mama."

"Na moshi?"

"Moshi haukutajwa."

Akajifuta macho kwa kanga. "Basi huo ni wa mkuu wa kituo." Alikuwa anaomba bomba la kutolea moshi tangu kabla sijaajiriwa.

Siku nyingine nikamsomea ile amri ya siku ya kupumzika. Mnaikumbuka ilivyo ndefu: usifanye kazi wewe, wala mwanao, wala binti yako, wala mtumwa, wala mjakazi, wala mnyama, wala mgeni.

"Kwenye ile nyingine ya mbele punda ametajwa kabisa kwa jina?" akaniuliza.

Nikafunua mbele, kwenye Kumbukumbu la Torati. "Ametajwa. Na ng'ombe pia."

"Mpishi?"

"Mpishi hayumo."

"Tazama vizuri, labda umeruka mstari."

Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana. Sikuelewa kwa nini mpaka siku ya barua.

Wakati huo nilikuwa nimefikisha kama miaka kumi kazini. Simu za mkononi zilikuwa bado zile za kubonyeza. Mama Ndeshi alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kisichoisha, na akipanda ngazi ya stoo alikuwa akisimama katikati. Siku moja alitoa bahasha chini ya kanga akanipa niisome. Ilitoka kwa wazee wa kanisa wa usharika wake. Ilisema kwa upole mwingi kwamba mama yetu hajaonekana kwenye Meza ya Bwana kwa muda mrefu, kwamba wazee wamehuzunika, na kwamba asipojirekebisha atahesabiwa kuwa amejitenga mwenyewe na kanisa. Iliwekwa sahihi na katibu wa wazee, Mzee Eliakimu.

Huyu Mzee Eliakimu nilikuwa namjua. Alikuwa hakosi semina hata moja. Majuma matatu kabla ya barua alikuwa amekula machalari yetu, ndizi na nyama alizopika Mama Ndeshi kwa mkono wake, siku ya Jumapili, akarudi dirishani kuomba aongezewe. Alikuwa anamwona mama huyu Jumapili baada ya Jumapili. Ila alimwona kupitia upande wa sahani.

"Lakini mama," nikasema, "si wanajua uko wapi Jumapili?"

"Wanajua. Daftari ndilo halijui."

Kisha akaniambia kinachomwogopesha. Mume wake alizikwa kihambani, shambani kwao katikati ya migomba na kahawa, na siku ile kengele ya kanisa iligongwa mpaka majirani wa bonde la pili wakasimama. Aliyejitenga na kanisa hagongewi kengele, wala mchungaji hafiki kaburini.

"Sitaki kulala pale pembeni yake kama mtu aliyepita tu," akasema.

Nikamsindikiza kwa mkuu wa kituo. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa mtu wa ratiba. Mama Ndeshi akaomba apewe Jumapili moja.

"Mama, Jumapili ndiyo siku yetu kubwa ya wageni. Chukua Jumatatu."

"Jumatatu hakuna Meza ya Bwana, baba."

Mkuu akafikiri, akakunja mikono juu ya meza. "Basi jambo hili tuliombee," akasema. Akaomba papo hapo, ombi refu na zuri. Tukarudi jikoni.

Majuma mawili baadaye ikaja semina ya siku tatu, watu zaidi ya mia kutoka sharika mbalimbali, na bango kubwa ukumbini: HESHIMA YA KAZI. Mhubiri alikuwa mchungaji mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu mrefu, shati lake jeupe lina mikono yenye vifungo vinavyong'aa. Alihubiri vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Siku ya kwanza alisema jasho la mfanyakazi ni uvumba mbele za Mungu. Mama Ndeshi akalinusa kwapa lake akatikisa kichwa.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili, na ratiba ilisema ibada ya kufunga itakuwa na Meza ya Bwana mle mle ukumbini, kisha chakula cha mchana saa saba kamili. Wenzetu wawili wa jikoni walikuwa msibani, tulibaki mimi na yeye. Nyama ilikuwa motoni. Mikungu sita ya mshare iliyotoka soko la Kwa Sadala ilikuwa sakafuni haijaguswa. Mlango wa pili, hatua kumi kutoka kwenye mafiga yetu, mkate na divai vilikuwa vimefunikwa kitambaa cheupe.

Mhubiri akaanza. Nikasikia jina langu. Alikuwa amechagua habari ya Martha na Mariamu.

Sijui kuwaeleza kilichonipata. Hasira haikuwepo, nadhani ilikuwa ni uchovu tu. Nilimtazama Mama Ndeshi, ameketi juu ya gunia la mchele anapaka mafuta kwenye kisu, anakohoa kwa kujizuia asisikike ukumbini.

"Mama," nikasema, "vua aproni."

"Kuna nini?"

"Tunaingia ibadani."

"Ndizi hazijamenywa."

"Zitamenywa."

"Na nani?"

"Sijui, mama."

"Watu mia na ushee, Martha! Tutafukuzwa."

"Mimi nitafukuzwa. Wewe unastaafu mwaka huu."

Akakiweka kisu chini. Kisha akauliza kwa sauti yake ile ndogo, "Na moto?"

Nikazivuta kuni zote nje ya mafiga nikazimwagia maji. Moshi ukajaa, tukakohoa sote. Nikamfungua kamba za aproni mgongoni. Tukaingia kwa mlango wa mbele.

Kama mnavyojua desturi zetu, ukumbi ulikuwa umejaa kuanzia nyuma, na benchi la mbele lilikuwa tupu kabisa. Hatukuwa na pengine. Tukaenda tukakaa hapo, mbele ya mhubiri, tunanuka vitunguu.

Mhubiri akatuona. Sasa fikirini: ni mtu amehubiri semina nyingi maishani, na anajua wapishi wakitokea ukumbini maana yake ni nini. Akatabasamu, akatazama saa yake. "Naona mama zetu wametupa ishara," akasema, na watu wakacheka kwa furaha. Mahubiri yaliyobaki akayafunga kwa sentensi mbili. Kwa hiyo mpaka leo sijui mhubiri yule angesema nini juu ya Martha mwishoni. Hata nilipoingia ndani sikusikia nusu ya pili.

Tukaitwa mezani. Mama Ndeshi alipiga magoti taratibu, mkono mmoja kwenye bega langu. Alipokea mkate, akapokea kikombe, akabaki pale chini wakati wengine wameinuka. Nilidhani magoti yamekataa. Nikainama nimwinue, nikamsikia anasema, "Aika Ruwa, aika," asante Mungu, kwa Kichagga, kama alivyofundishwa na mama yake. Nikamwacha. Watu walizunguka tukiwa tumewazibia njia, na sikujali.

Baraka ikatolewa. Watu wakainuka wakiimba, wakajipanga mstari mzuri wenye adabu mbele ya dirisha la sahani. Tukarudi jikoni, nikalifungua dirisha kwa upande wa ndani. Wakaona mikungu sita ya ndizi mbichi na mafiga yanayotoa mvuke.

Kimya chake siwezi kukisahau. Nimesikia ukumbi ule ukinyamazishwa na maaskofu, haukuwahi kunyamaza hivyo.

Mkuu wa kituo akafika akikimbia. "Martha! Chakula kiko wapi?"

"Kiko sakafuni, baba. Bado kina maganda."

"Mlikuwa wapi?"

"Kanisani."

 Mtu mwenye cheo cha kanisa, mbele ya watu mia wa kanisa, hawezi kumgombeza mtu kwa kosa la kwenda kanisani. Nilimwona akilitafuta neno kwa bidii, na wakati analitafuta Mama Ndeshi alisogea dirishani. Hakupandisha sauti, kwa hiyo mstari mzima ukasogea mbele ili umsikie.

"Tumefundishwa siku tatu kwamba kazi ni heshima," akasema. "Mimi nimekuwa na heshima hii miaka mingi. Leo nawagawia. Visu viko kwenye debe."

Aliyecheka kwanza alikuwa mhubiri mwenyewe. Akaingia jikoni, akafungua vile vifungo vinavyong'aa, akakunja mikono ya shati, akachukua kisu. Nikamtazama Mama Ndeshi, naye akanitazama. Mafuta yalikuwa pale pale juu ya meza. Hatukusema kitu.

Alimenya ndizi nne. Mikono yake ikawa kama ya fundi wa magari, na shati lile jeupe likapata mabaka kifuani mahali alipojifutia. "Hii inatoka na nini?" akaniuliza.

"Haitoki, mchungaji."

Ndipo Mama Ndeshi akamhurumia, akampaka mafuta viganjani kama mtoto.

Wengi waliingia kusaidia. Wake kwa waume, wazee wa kanisa, wahasibu, mwalimu mkuu mmoja aliyekata kidole akataka tumwombee. Mzee Eliakimu nilimtafuta kwa macho, nikaambiwa amekumbuka kikao akaondoka. Tulikula saa kumi jioni. Ndizi zilikuwa zimekatwa kila umbo, nyingine na maganda yake, na watu walizisifu mno, maana kila mmoja alikuwa anaitafuta aliyoimenya yeye.

Jumanne nikaitwa mbele ya kamati. Kosa langu liliandikwa kuwa ni kutelekeza kituo cha kazi wakati wa saa za kazi. Nikaulizwa nina la kujitetea.

"Nilisikia dirishani kwamba Mariamu alichagua vyema," nikasema. "Nami nikachagua. Sikujua kuwa lilikuwa fundisho la wageni tu."

Walishauriana muda mrefu. Nikapewa barua ya onyo, ninayo mpaka leo kabatini pamoja na cheti changu cha kipaimara. Mama Ndeshi akastaafishwa mwezi uleule. Na mwaka uliofuata, kumenya ndizi kukaingizwa kwenye ratiba ya semina zote kama somo la vitendo, na mkuu wa kituo akasifiwa kila mahali kwa ubunifu wake.

Kuhusu daftari la usharika, wazee walisema Meza ile haikuwa ya kwao, kwa hiyo hawawezi kuiandika. Nikamtumia habari yule mchungaji wa Dar. Akaandika barua kwa mkono wake, mistari minne tu, kwamba yeye mwenyewe alimpa Mama Ndeshi mkate na kikombe, na kwamba kama kuna aliyejitenga na mwenzake katika habari hii, wazee wachunguze vizuri ni nani. Jina likarudishwa daftarini.

Nilikuwa nikienda kumtembelea siku zangu za mapumziko. Alikuwa analala sana, lakini akiamka anasema, "Martha, soma." Mara ya mwisho nilimsomea habari ya wanafunzi walioenda kuvua samaki baada ya Yesu kufufuka, wakakesha bila kupata kitu, na kulipokucha wakamkuta ufukoni amewasha moto wa makaa, samaki wako juu yake, na mkate upo. Akafumbua macho.

"Alipika mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Baada ya kufufuka? Na mamlaka yote hayo?"

"Ndiyo. Akawaambia waje wale."

"Hakuwauliza kwanza wamefanya kazi kiasi gani?"

"Aliwauliza kama wana kitoweo, wakasema hawana. Akawaambia watupe wavu tena, wakapata. Lakini walipofika nchi kavu chakula kilikuwa tayari kimeiva."

Akafumba macho, nikadhani amelala. "Na vyombo vilioshwa na nani?"

"Haijaandikwa."

"Hmm," akasema. "Waandishi walikuwa wanaume."

Hapo ndipo ninaposimama mimi katika mada yenu, vijana. Kama kuna mstari mwingine wa kunifundisha heshima ya kazi zaidi ya ule wa makaa na samaki, sijaupata, na katika miaka yangu yote dirishani sikuwahi kuusikia ukihubiriwa kwenye semina ya kazi.

Mama Ndeshi alifariki wakati wa kuchuma kahawa. Familia iliniomba nisimamie jiko la msiba, na nani mwingine wangemwomba? Siku ya maziko watu walijaa kihambani mpaka kwenye migomba ya jirani. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na sufuria tatu kubwa za machalari, nakoroga kwa zamu. Kengele ikaanza kugongwa kule kanisani. Mwiko ukanibaki mkononi, nikashindwa kukoroga, nikashindwa kuuweka chini.

Mtu akaja kwa nyuma ya nyumba akiwa na koti na tai. Alikuwa Mzee Eliakimu.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Chakula bado kidogo."

"Marahaba. Sikufuata chakula." Alikuwa anaangalia moto, mimi hakuniangalia. "Mchungaji ameshafika kaburini. Nimetazama watu wote, wewe sikukuona."

"Nipo hapa, mzee."

"Naona." Akavua koti, akalitundika kwenye mti wa kahawa. Akanyoosha mkono. "Nipe huo mwiko. Nenda."

"Unajua kukoroga machalari, mzee?"

"Sijui. Nenda, mama, watamshusha."

Nikaenda na aproni yangu. Watu wakanipisha mpaka mbele. Nilisikia neno lote la mchungaji, la kwanza mpaka la mwisho, nikatupa udongo wangu, nikaimba mpaka nyimbo zikaisha, na hakuna aliyeniita.

Niliporudi nyuma ya nyumba, Mzee Eliakimu alikuwa amelowa jasho, tai iko begani, anakoroga sufuria moja kwa mikono miwili na zile nyingine mbili amezisahau. Machalari yalikuwa yameungua chini, harufu imefika barabarani. Akaniangalia kama mtoto wa shule.

"Martha, nimeharibu."

Nikachukua upawa, nikapakua ya juu bila kugusa ya chini, tukawapa watu. Harufu ya kuungua ilikuwemo, wakala, hakuna aliyesema neno. Mimi nilikaa chini na waombolezaji wengine, nikaletewa sahani na Mzee Eliakimu kwa mkono wake, nikala yote, nikaomba niongezewe.